Kabla Pistoni Haijaingia Silinda

Mwangaluka! Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu na vijana, karibuni nyumbani hapa Nyakato. Wapo waliolalamika kwamba saa moja asubuhi ya Jumamosi ni mapema mno kwa mazungumzo ya injini. Saa hiyo niliichagua kwa makusudi, na sababu yake mtaiona tukifika kwenye kufunga.

Mbele yenu mezani kuna bloku ya 1NZ, injini iliyomo kwenye IST na Probox nyingi zinazopanda na kushuka humu mjini. Silinda nne, kila moja kipenyo chake milimita 75. Pembeni kuna pistoni nne na pakiti ya ringi ambayo bado haijafunguliwa. Nimeona macho ya vijana yanakimbilia kwenye pistoni, kila mmoja anatamani aipate ile raha ya kuisukuma ndani kwa mpini wa nyundo. Raha hiyo ni ya dakika moja kwa kila silinda. Mimi nimekuja kusema habari ya siku mbili zinazoitangulia dakika hiyo, kwa sababu injini zinazofungwa nyumbani hufia humo, au huponea humo.

Najua hivyo kwa kuwa niliua moja.

Injini ya kwanza niliyoifunga peke yangu ilikuwa 3L, injini ya dizeli ya Hiace ya baba yangu mdogo. Gari hilo lilikuwa linalisha nyumba mbili, yake na yetu. Lilianza kula oili, nikamwambia baba mdogo, niachie mimi. Nikanunua ringi mpya, nikachana kuta za silinda kwa mawe ya kusugulia, nikaosha bloku kwa petroli, nikapuliza kwa upepo wa kompresa, nikafunga usiku kwa taa ya kuning'iniza. Ikawaka mara ya kwanza. Baba mdogo alinishika mkono mbele za watu. Baada ya miezi miwili moshi wa bluu ulirudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na gari likawa linadai lita moja ya oili kila baada ya siku tatu. Nilipofungua, nikakuta ringi za juu, zile mpya, zimelika mpaka pengo kati ya ncha zake limefika milimita moja na nusu, na kuta zina michirizi kuanzia juu hadi chini. Nikaenda kugombana na muuza spea kwamba kaniuzia feki.

Mzee mmoja mkerezaji, Mungu amrehemu, ndiye aliyenionyesha. Nilikuwa nimempelekea bloku ileile baada ya kuiosha tena kwa petroli, naamini ni safi. Akachukua kitambaa cheupe, akatia oili kidogo, akakipitisha silinda namba mbili. Kikatoka cheusi kama kimepanguswa sufuria ya kuni. Akaniambia, “Mwanangu, huu ndio msasa uliomfungia baba yako mdogo ndani ya injini.”

Sijausahau ule weusi. Kila bloku ninayoiosha mpaka leo naiosha kwa ajili ya Hiace ile.

Sasa tuelewane kwanza ringi ni kitu gani. Ni duara la chuma lililokatwa mahali pamoja, na kila pistoni hapa inavaa matatu. Ukilibana na kuliingiza kwenye silinda, linataka kurudi kwenye upana wake, kwa hiyo linausukuma ukuta. Zamani pistoni za injini za mvuke zilizibwa kwa nyuzi za kamba zilizolowekwa mafuta, zikiungua na kulika upesi. Miaka ya 1850 mhandisi wa reli wa Uingereza, John Ramsbottom, akaleta ringi ya chuma iliyokatwa, inayojitanua yenyewe. Reli yetu ilipofika Mwanza mwaka 1928, vichwa vya treni vya mvuke vilivyotuletea mizigo mpaka ukingoni mwa ziwa vilikuwa vinafanya kazi kwa wazo hilohilo lililomo kwenye hii pakiti.

Kujitanua kwenyewe, hata hivyo, ni nguvu ndogo. Unaweza kuibana ringi kwa vidole viwili. Nguvu kubwa inatoka kwenye mlipuko: gesi inapenya nyuma ya ringi, ndani ya mfereji wake kwenye pistoni, na kuikandamiza ukutani. Injini ikifanya kazi kubwa, ringi inabana zaidi. Lishikeni hilo, tutalihitaji siku ya kuwasha.

Na ringi inatembea. Pistoni ya 1NZ inapanda milimita 84.7 na kushuka milimita 84.7 kila krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inapozunguka mara moja. Kwa mizunguko 3,000 ya dakika, hiyo ni zaidi ya mita 500 kila dakika. Saa moja barabarani, ringi imekwenda kilomita 30, ndani ya tundu ambalo urefu wake unaupima kwa mkono. Sasa fikiria punje za mawe zimebaki ukutani. Ni kilomita 30 za kupiga msasa kila saa.

Kabla ya kufungua injini, hakikisha ugonjwa ni wa ringi. Nimeona watu wanashusha injini nzima, kumbe tatizo lilikuwa sili za valvu, kazi ambayo kwa injini nyingi inamalizwa juu bila kuigusa pistoni. Shuka mlima wa Bugando ukiwa umeachia mafuta, gari linajiburuta lenyewe. Ukifika chini ukakanyaga tena, ukaona wingu la bluu linatoka mara moja kisha linakatika, angalia sili za valvu kwanza. Moshi ukizidi kadiri unavyopandisha mlima na mzigo, na mfuniko wa oili ukifunguliwa unapumua kama kifua cha mgonjwa, basi twende kwenye ringi.

Pima kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayobanwa ndani ya silinda, injini ikiwa na moto, plagi zote nje, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Kisha mimina kijiko kimoja cha oili kwenye silinda iliyo dhaifu, upime tena. Ikipanda sana, oili imeziba pale ringi zilipokuwa zinavujisha. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi.

Hapa naomba tusikilizane, maana jambo hili limewagharimu watu wa kanda yetu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi tunaishi juu kidogo ya hapo. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, kanieneo yake ni kama asilimia 88 ya ile ya Dar es Salaam. Silinda ikivuta hewa nyepesi, inabana hewa nyepesi. Injini nzima ambayo Dar ingesoma paundi 180 kwa inchi ya mraba, Mwanza itasoma paundi 158 hivi, na haina kasoro yoyote. Gari lako limepimwa hapa, fundi kafungua karatasi iliyoandikwa kwa vipimo vya usawa wa bahari, akakwambia ringi zimekwisha. Usikubali haraka. Tazama silinda nne zinavyolingana zenyewe kwa zenyewe. Tatu zikiwa 155 na moja 110, hapo pana ugonjwa. Zote zikiwa 155, enda zako nyumbani ukanywe chai.

Haya. Injini imefunguliwa, pistoni zimetoka. Kabla hujalegeza kofia hata moja ya konrodi, ule mkono unaoiunganisha pistoni na krenki, weka alama. Konrodi namba moja na kofia yake vilikerezwa pamoja vikiwa vimefungwa. Ukivibadilisha, tundu halitakuwa duara tena. Nukta ya rangi inatosha. Na ukingo ule unaoukuta juu kabisa ya silinda, pale ringi haikufika, uondoe kwanza kabla ya kusukuma pistoni nje, usije ukavunja kingo za mifereji.

Swali linalofuata ni silinda imelika kiasi gani, na hapa ndipo watu wa nyumbani hukata tamaa, kwa kuwa kipimo cha kupimia ndani ya silinda ni ghali na wengi wetu hatuna. Nataka leo mwondoke na njia moja ambayo inahitaji fila geji tu, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, na ringi moja mpya.

Chukua ringi ya kwanza, ile ya juu. Ibane uiingize kwenye silinda pekee, bila pistoni. Geuza pistoni kichwa chini, uitumie kuisukuma ringi ishuke ikiwa imelala sawasawa. Ishushe mpaka sehemu ya chini, mahali ambapo ringi za injini hazifiki sana. Pale ukuta bado una upana wa kiwandani. Pima pengo kwa fila geji. Tuseme umepata 0.30. Sasa ipandishe mpaka milimita kumi hivi kutoka juu, pale ringi ya kwanza husimama kabla ya kugeuka na kushuka. Hapo ndipo palipolika zaidi, kwa sababu pana moto mkali na shinikizo kubwa, oili haifiki vizuri, na ringi ikisimama utando wa oili unakatika. Pima tena. Tuseme safari hii ni 0.55.

Tofauti ni 0.25. Gawanya kwa 3.14, ile namba mliyoimba shule ya msingi kwenye duara. Unapata 0.08. Silinda yako imetanuka juu kwa milimita 0.08. Basi. Mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14, kwa hiyo kila silinda inapoongezeka upana kwa milimita 0.10, pengo la ringi linafunguka kwa 0.31. Ringi inakukuzia kosa mara tatu ili ulione kwa jicho la kawaida. Nimewahi kulinganisha hesabu hii na kipimo cha mkerezaji mara nyingi, na hainiangushi. Haitakuonyesha kama silinda imekuwa na umbo la yai, hilo ndilo pungufu lake. Kwa kutambua kama ukuta umechoka, inatosha kabisa.

Mimi nikipata zaidi ya 0.10, naacha. Sichani ukuta, sinunui ringi. Napeleka kwa mkerezaji au natafuta bloku nyingine, kulingana na injini. Ringi mpya kwenye silinda iliyotanuka juu inalazimika kufunguka na kujibana kila inapopanda na kushuka, maelfu ya mara kwa dakika, na mifereji ya pistoni nayo inapanuka pamoja nayo. Baada ya muda mfupi umerudi ulipokuwa, na hela imekwenda.

Kuna ujanja mwingine unaofanyika mitaani nao nataka kuukataza mbele yenu wote. Silinda imelika, mtu ananunua ringi za saizi kubwa, zile za 0.50, anazipiga tupa mpaka zikubali kuingia kwenye silinda ya kawaida. Pengo linaonekana dogo, kila mtu anafurahi. Ringi ile ilitengenezwa iwe duara ikiwa kwenye silinda pana. Ndani ya silinda nyembamba haiwi duara tena, inagusa ukuta hapa na pale. Ukitaka kuamini, iweke ndani, kisha umulike tochi kutoka chini. Utauona mwanga unapita kati ya ringi na ukuta. Mahali panapopita mwanga, gesi itapita, na oili itapita ikirudi juu.

Tukishakubaliana kwamba silinda ni nzima, pengo lenyewe liwe kiasi gani? Kitabu cha injini yako kikiwepo, fuata kitabu. Kisipokuwepo, mafundi wa injini za petroli zisizo na turbo hutumia milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo. Silinda ya 75 inapata 0.30. Sababu yake mnaweza kuipiga hesabu wenyewe. Ringi ya silinda ya 75 ukiinyoosha ina urefu wa milimita 235. Ikipata moto ikazidi joto la ukuta kwa nyuzi 100, chuma kile kinarefuka kwa robo milimita na kidogo. Ukiacha pengo la 0.15, ncha zitakutana njiani zikiwa za moto, hazina pa kwenda, ringi itauma ukuta, na pistoni inaweza kuvunjika kingo. Pengo likizidi kidogo, utapoteza nguvu kidogo. Likipungua, utapoteza injini. Ukiwa na shaka, egemea upande wa kuzidi.

Ringi ya pili mimi naiachia pengo kubwa kidogo kuliko ya kwanza, 0.35 au 0.40. Gesi inayopenya ya kwanza lazima ipate njia ya kutoka. Ikijikusanya katikati ya ringi mbili, inaisukuma ile ya juu inyanyuke kwenye mfereji wake, na hapo inaacha kuziba.

Pengo likiwa dogo, tumia tupa laini, ncha moja tu, ukisukuma kutoka uso wa nje kuelekea ndani. Uso wa nje una mipako migumu, na ukivuta tupa kuelekea nje utaibandua. Sugua mara mbili tatu, rudisha, pima. Nimewahi kutumia asubuhi nzima kwa ringi nane na sijutii. Kila ringi ikishapimwa kwenye silinda yake imeolewa humo. Iweke kwenye karatasi yenye namba ya silinda, isihame.

Sasa kuosha. Nimelisubiri hili.

Ukichana ukuta kwa mawe ya kuhoni, unapata mistari inayokatana kama ukili uliosukwa. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili, na ndiyo inayozisugua ringi mpya zikubaliane na ukuta. Lakini kila mstari ni mfereji, na ndani yake umejaa unga wa jiwe pamoja na unga wa chuma. Petroli inayeyusha grisi na oili, halafu inakauka upesi, na unga unabaki umeshikilia palepale. Dizeli hali kadhalika. Ukipuliza kwa upepo unauhamisha tu, mwingine unaingia kwenye njia za oili kuelekea krenki. Kinachoutoa ni maji ya moto na sabuni. Sabuni inaunyanyua unga kutoka kwenye mistari na maji yanaubeba.

Chemsheni maji, muweke sabuni ya unga bila kubana mkono, mchukue brashi ngumu, msugue kila silinda kama mnasugua sufuria iliyounguliwa na ugali. Suuza kwa maji ya moto. Rudia. Halafu fanya kama yule mzee alivyofanya: kitambaa cheupe, oili kidogo, pitisha. Kikitoka na kijivu, hata kijivu kidogo, rudi kwenye sabuni. Mimi kwa kawaida nafika mara nne. Vijana wangu huniambia mara ya tatu kwamba inatosha, na mimi nawaonyesha kitambaa, nasi tunaendelea.

Tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na bado tunaosha injini kwa kikombe cha petroli. Inaniuma. Ila nisieleweke vibaya, msichote maji ufukweni yakiwa na mchanga mkaniambia mlinisikia. Maji safi, yaliyochujwa.

Na msiende kunywa soda baada ya kusuuza. Ukuta uliooshwa kwa sabuni umebaki chuma kitupu, na kwa unyevu wa huku kwetu utaona wekundu wa kutu ndani ya dakika chache. Kausha mara moja, paka oili mara moja, funika kwa nailoni safi.

Pistoni nazo ziwe zimesafishwa mifereji yake. Vunja ringi ya zamani, kipande chake kinaingia sawasawa kwenye mfereji na kinakwangua masizi vizuri, ila usitie nguvu ukakata aluminiamu. Ringi mpya ikilala kwenye mfereji, fila geji ya 0.10 isiingie kati yake na ukingo. Ikiingia, mfereji umechoka, pistoni hiyo haifai hata kama inang'aa.

Kuvalisha ringi kunaanzia chini. Kwanza ile ya oili, ambayo kwa injini nyingi ni vipande vitatu: chemchemi ya kati na vibati viwili vyembamba. Ncha za chemchemi zikutane, zisipandane. Zikipandana ringi haitatanuka na injini itavuta oili tangu siku ya kwanza. Halafu ya pili, halafu ya juu. Tafuta alama ndogo kwenye uso wa ringi, herufi au nukta, karibu na pengo. Upande huo unatazama juu. Ringi ya pili ndiyo inayoadhibu zaidi, kwa sababu uso wake umeinama kidogo ili ikwangue oili kuelekea chini. Ikivaliwa kichwa chini inageuka kijiko cha kupandisha oili kwenye moto. Injini itakuwa na kompresheni nzuri, itakuwa na nguvu, na itatoa moshi, na mtahangaika wiki nzima mkimtafuta mchawi.

Mapengo yatawanye, lisikae moja juu ya jingine, wala lisielekee kwenye pini ya pistoni au upande ambao pistoni huegemea ikisukumwa. Ndugu zangu wa Mwaloni wenye mashine za mitumbwi za mipigo miwili, kwenu ni tofauti. Pistoni zenu zina kipini kidogo ndani ya mfereji kinachoishika ringi isizunguke, maana ncha yake ikifika kwenye tundu la ukutani itanasa na kukatika. Pengo likae kwenye kipini chake, hamchagui.

Tumefika kwenye saa moja asubuhi. Mnajua wenyewe kwamba mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na ukifika kwenye mitaa yetu unainua vumbi lote la barabarani. Asubuhi hii hewa imetulia. Nimemwagia uani maji tangu alfajiri, meza nimeifuta, taulo zimefuliwa. Mtu wa nyumbani hana chumba cha kioo kama kiwandani, lakini anaweza kuchagua saa. Ile Hiace niliifunga usiku chini ya taa, na wadudu wa ziwani wakiizunguka taa na kudondoka ndani ya silinda. Hilo nalo sikuliona wakati ule.

Paka oili ukutani, kwenye ringi, kwenye sketi ya pistoni, yaani ubavu wake wa chini, na kwenye beringi za konrodi. Mshale au kidutu kilicho juu ya pistoni kielekee mbele, upande wa puli. Pini haikukaa katikati kabisa ya pistoni, imesogezwa kidogo kwa makusudi ili pistoni isigonge ukuta inapogeuka, na ukiifunga kinyume utaisikia. Kwenye injini ambazo bolti za konrodi zimechomoza, zivalishe vipande vya mpira wa petroli, zisikwaruze krenki ikipita.

Kibanio cha ringi kinauzwa, na kikikosekana kinatengenezwa. Kata bati laini la kopo la mafuta ya kula, lipige msasa kingo zote, lizungushe kwenye pistoni, ulibane kwa klampu mbili za mpira wa rejeta. Kibanio kikae kimegusa uso wa bloku pande zote. Kisha gongagonga kichwa cha pistoni kwa mpini wa nyundo wa mbao. Sauti iwe nzito na pistoni ishuke kidogo kila pigo. Ikigoma, simama. Usiongeze nguvu hata kidogo. Ringi imechomoka imekaa ukingoni, na pigo linalofuata litaivunja. Toa pistoni, anza upya. Nimeanza upya mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara imenichukua dakika tano. Ringi moja iliyovunjika nilipoongeza nguvu ilinichukua siku tatu kuipata nyingine.

Kila pistoni ikiingia, funga kofia yake na uzungushe krenki kwa mkono kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Ikizidi kuwa ngumu ghafla unajua ni silinda ipi. Bolti zikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu. Nyingi za siku hizi hukazwa kwanza kwa nguvu ndogo kisha huzungushwa nyuzi 90 zaidi, na hapo chora alama ya rangi kwenye kichwa cha kila bolti ili usibahatishe kama umeizungusha au bado. Asiye na toki renchi aazime. Kukaza kwa hisia za mkono kwenye konrodi sikubaliani nako, hata kwa fundi wa miaka arobaini.

Siku ya kuwasha, toa plagi zote uzungushe kwa stata mpaka taa ya oili izimike. Rudisha plagi, washa. Hapa watu wanaidekeza injini: wanaiacha inanguruma polepole uani saa nzima, wakiamini wanaifundisha. Nilishasema ringi inabanwa na gesi. Injini isiyo na kazi haina gesi ya kutosha kuibana, mistari ya ukutani inalainika kabla ringi haijakaa, na nafasi ile hairudi. Kagua kama oili na maji havivuji, kisha ingia barabarani. Toka mjini, ukipita Usagara kuelekea Misungwi utapata nafasi. Kanyaga kutoka mwendo wa 50 mpaka 80 kwa gia ya tatu, achia mafuta gari lishuke lenyewe, kanyaga tena. Mara kumi au zaidi. Usiivutishe mpaka kikomo, usiibebeshe mzigo mzito, ila ipe kazi. Oili iwe ya kawaida ya madini, na ikifika kilomita 500 imwage yote pamoja na filta. Utaona inang'aa vumbi la chuma, hiyo ni ringi na ukuta vikijuana.

Na chujio la hewa liwemo, zima, limefungwa vizuri. Anayeliondoa ili gari “lipumue” anairudishia injini vumbi lote tulilolitoa kwa sabuni.

Maji yanachemka pale jikoni, nasikia sufuria. Bloku hii niliichana jana jioni na sijaiosha, nimewaachia ninyi. Fila geji ziko tatu, vitambaa vyeupe viko kwenye lile beseni la bluu. Dada yangu mwenye IST, anza na silinda namba moja, na wewe kijana shika brashi. Tukipitisha kitambaa kikatoka cheupe, ndipo nitafungua pakiti ya ringi.